Herufi Tano, Irabu Nne

Haya ni kweli tupu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na wanaonijua wanajua ninavyoyahitaji. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Mkifika mahali mkaona nimezidisha, jueni ni mambo yenyewe yaliyozidi, si mimi.

Hapa Warri, miaka ile kabla simu za mkononi hazijatufikia, kulikuwa na kijana aitwaye Tobore. Alikuwa na shahada ya jiografia kutoka chuo kikuu, imewekwa kwenye fremu, imetundikwa ukutani kwa dada yake Akpevwe, juu kidogo ya kochi alilokuwa akilalia. Akpevwe aliuza mchuzi wa mawese na samaki kando ya barabara ya kwenda Effurun. Mumewe, Mudiaga, aliziba matairi ng'ambo ya barabara hiyohiyo, na kila asubuhi akipita sebuleni kwenda kazini hakukosa la kumwambia shemeji yake.

"Profesa," angesema, "vipi, mto Niger bado uko palepale?"

"Bado uko, shemeji."

"Basi endelea kuulinda. Usije ukatoroka tukakosa samaki."

Tobore alikuwa anacheka naye. Mwaka wa kwanza alicheka kwa moyo, wa pili kwa meno, na kufikia wa tatu alikuwa anageukia ukuta tu na kujifanya amelala.

Kilichomwamsha kwenye kochi lile kilikuwa mchezo wa vigae vya herufi. Nyie mnaoujua mnaujua: una vigae saba mbele yako, kila kimoja na herufi yake, unapanga maneno ya Kiingereza ubaoni, na kila herufi ina pointi zake. Kwetu mchezo huu haukuwa wa kupitishia jioni. Serikali ya jimbo ilikuwa na timu yake, na mchezaji wa timu aliajiriwa kabisa kama karani au dereva: mshahara wa kila mwezi, sare yenye nembo mgongoni, na chumba. Chumba chenye mlango na ufunguo. Tobore aliuwaza ufunguo ule kuliko alivyouwaza mshahara.

Na aliyeshika njia ya kufika huko alikuwa Baba Siakpere. Huyu alikuwa karani mstaafu wa forodha, mtu wa singlendi nyeupe na taulo dogo shingoni, mchezaji wa timu ya jimbo tangu timu ilipoundwa. Kila alfajiri alifundisha bure kwenye baraza la duka la mpiga picha lililofungwa. Klabu nzima ya wanafunzi wake ilikuwa na kamusi ya mashindano moja tu, nayo ilikuwa yake. Ilikaa nyumbani kwake, imefungwa kwa kitenge cha marehemu mkewe, na hakuna mkono wa mtu mwingine uliowahi kuifungua.

Alifundisha kwa mdomo. Yeye anataja sharti, mwanafunzi anajibu.

"Herufi tano, ina Q, haina U."

"QANAT. QADIS. TALAQ. FAQIR."

"Maana yake?"

"Maana haina pointi, Baba."

"Hapo sasa. Huyu kijana atafika mbali."

Maana kweli haikuwa na pointi. Walijaza vichwa vyao maneno kama mtu anavyojaza gunia la mchanga, bila kuuliza punje hii ilitoka ufukwe gani. Hamisi mmoja wa mtaa wa Wahausa, aliyekuwa akipita pale kila siku na toroli lake la maji, aliwahi kusimama akawasikiliza, kisha akawaambia kwamba wamemaliza kumpa mwanamke talaka mara arobaini asubuhi ile na hakuna hata mmoja wao aliyeoa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hukulifanya kamwe. Hukumwomba Baba Siakpere kamusi ili uhakikishe neno. Ilikuwa sawa na kualikwa kwa mama mkwe kisha ukafunua sufuria uone kama ndani kweli kuna nyama. Mzee amekutamkia neno, amekuamkia alfajiri, hachukui hata kobo moja ya ada. Sasa unataka kitabu cha nini? Kuna aliyewahi kuomba, miaka ya nyuma, kijana wa kabila la Itsekiri. Mzee hakumjibu. Klabu nzima iliacha kumsalimia, na mwishowe akahamia mchezo wa drafti.

Tobore hakuomba kitu. Alimchotea mzee maji. Alimtengenezea redio. Goti la mzee lilipovimba mwezi mzima, yeye ndiye aliyembeba mgongoni kutoka kitandani hadi barazani, na huko njiani, mzee akiwa mgongoni, darasa liliendelea.

"Herufi tano, irabu nne," mzee anasema sikioni mwake.

"AALII. ADIEU. AUDIO. AUREI. COOEE. EERIE..."

"Polepole kwenye shimo hapo. Endelea."

Alizikariri hizo akipanda, akishuka, akiosha sufuria za dada yake. Akpevwe alizoea kumsikia anaimba irabu jikoni kama mtoto anayeota meno.

Mwaka wa tatu likaja tangazo. Serikali haina fedha, timu inapunguzwa. Warri ilibakiziwa nafasi moja. Nafasi yenyewe ilikuwa ya Baba Siakpere, lakini anayeitaka alikuwa huru kuishindania siku ya mchujo. Na kila mtu alijua kwamba pensheni ya mzee ilikuwa haijatoka muda mrefu. Kila alipokwenda kuifuatilia aliambiwa faili lake linatembea. Mzee alikuwa anasema faili lile linatembea vizuri kuliko goti lake.

Tobore alikwenda kumwarifu mzee kwanza, kwa adabu.

"Baba, nimeandikisha jina."

Mzee alikuwa anajipaka mafuta gotini. Hakuinua macho. "Vizuri."

"Usinichukie."

"Nikuchukie kwa lipi? Vaa shati safi tu. Usinitie aibu kwa kuja na shati la mchuzi."

Mchujo ulifanyika kwenye ukumbi wa shule moja ya kata, feni zote zimesimama. Watu walicheza kutwa. Nisiwachoshe na michezo ya kati. Ilipofika jioni waliobaki walikuwa wawili, mzee na mwanafunzi wake, na mchezo mmoja wa kuamua. Klabu nzima ilisimama ukutani. Akpevwe alifunga kibanda chake siku ile, jambo ambalo hakulifanya hata alipojifungua. Hata Mudiaga alikuja, mikono myeusi hadi kwenye kiwiko, akasimama mlangoni.

"Anashinda nani?" alimnong'oneza mkewe.

"Ndugu yangu."

"Kwa nyingi?"

"Nyamaza basi uangalie."

Tobore alikuwa mbele kidogo. Mfuko wa vigae ulikuwa umekwisha. Kwenye kibao chake vilibaki vigae vinne: O, U, E, A. Irabu tupu, mzigo mtupu. Mchezaji mwingine angetamani kulia. Mzee naye alikuwa na vyake vichache, na kila aliyekuwa amehesabu vilivyotoka alijua kwamba Z iko kwake. Zamu ilikuwa ya Tobore. Akiweka neno dogo la herufi mbili tatu, mzee ataiteremsha Z mahali palipo wazi na atampita. Akimaliza vigae vyote vinne kwa mpigo, mchezo umekwisha, na nafasi ni yake.

Pale ubaoni kulikuwa na L, peke yake, nafasi mbili huku, nafasi mbili kule.

Tobore aliiona. Niliuona uso wake ulivyofunguka, maana nilikuwa nimesimama nyuma ya mzee. Alikuwa anaisikia ile orodha, sauti ya mzee sikioni, goti limevimba, polepole kwenye shimo. MIAOU. OULEA. OURIE. URAEI. Akapanga O, U, akairuka L iliyokuwepo, akapanga E, A. Akabonyeza saa. Akaweka mikono yake mapajani, mtu aliyemaliza.

OULEA.

Ukutani mtu mmoja akapiga kofi moja, kisha akajizuia.

Baba Siakpere aliutazama ubao. Kisha akanyoosha mkono, akasimamisha saa.

"Napinga," akasema.

Tobore akatabasamu. Kweli, alitabasamu. Alidhani mzee amezeeka, amesahau neno lake mwenyewe. Alimwonea huruma hata. Kwa sheria zetu, neno likipingwa linaandikwa kwenye kipande cha karatasi, linapelekwa kwa mwamuzi mwenye kamusi. Mwamuzi anarudisha karatasi ikiwa na alama ya vema au ya kosa, basi. Haelezi, hajadiliani. Mwamuzi siku ile alikuwa Madam Mejebi, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke asiyecheka hata kwenye harusi. Alifungua kurasa. Akaweka kidole. Akarudi ukurasa mmoja nyuma, akaenda mmoja mbele, kwa haki tu. Kisha akachora msalaba.

Vigae vinne vikarudishwa kwa Tobore. Mzee akaiteremsha Z yake, akampita, na nafasi ikabaki yake. Wakapeana mikono.

Tobore alimfuata mzee nje, bombani, alipokuwa ananawa uso. Tuliokuwa karibu tulisikia yote. Wenyewe hawakunong'ona.

"Baba, lile neno ulinipa wewe."

"Nilikupa."

"Si kwamba ulisahau?"

"Nisahau vipi na mimi ndiye niliyelitunga?" Mzee alijifuta kwa taulo, taratibu, nyuma ya masikio. "Usijione wa pekee. Kila niliyemfundisha nimempa lake."

"Lake lipi?"

"Lake moja, bovu. Kila mtu na lake. Serikali hainipi pensheni, nikajiwekea mwenyewe. Nilijua iko siku mmoja wenu atakuja kukaa mbele yangu."

Tobore akasema, "Nilikubeba mgongoni, Baba."

"Ulinibeba. Na mimi nimekupa maneno ya kweli maelfu, bure, nikaweka moja tu la uwongo. Nenda sokoni ukanitafutie muuzaji mwenye kipimo kizuri kuliko hicho."

"Na kama ningekuuliza? Kama ningeomba kitabu?"

"Ungekiona. Kwani kina kufuli?" Mzee alimtazama, na sitasema kwamba kulikuwa na furaha machoni mwake, kwa sababu haikuwepo. "Lakini usingeomba, mwanangu. Ulikuwa na adabu nzuri mno."

Akajitupia taulo shingoni, akaondoka akichechemea.

Sasa sikilizeni kilichoipata klabu, na hapa ndipo watu huniambia naongopa. Kuanzia kesho yake hapakuwa na mchezo tena. Kila mtu alijua kichwani mwake kuna neno moja lililooza, na hakuna aliyejua ni lipi. Jamaa mmoja aliweka WATER, mwenzake akasimamisha saa akapinga. Mwingine alipinga HOUSE, kisha akapinga jina lake mwenyewe kwenye orodha ya wachezaji. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyekuwa mwanafunzi wa mzee miaka mingi, alisimama mbele ya watoto na chaki mkononi akashindwa kuandika tarehe, kwa sababu hakuwa na uhakika kama February ni mwezi au ni zawadi ya Baba Siakpere. Wakatuma wajumbe kwa mzee na chupa ya kinywaji na kokwa za kola, heshima ya kwetu kwa mzee, wamwombe awatajie. Mzee akapokea kola, akapokea chupa, akafikiri.

"Ningewatajia," akasema, "lakini mengine nimeyasahau. Na kuna ambao niliwapa mawili."

Na Tobore? Tobore hakukata tamaa. Alijifungia mwaka mzima, akajifunza upya, neno kwa neno. Na mwaka uliofuata, siku ya mchujo, ikaja kamusi mpya kutoka London, toleo jipya, bado inanuka wino. Wakakaa tena wawili, mzee na mwanafunzi. Tobore akabakiwa na irabu nne. L ikawa wazi ubaoni. Akapanga OULEA, neno lilelile, mbele ya watu wote. Mzee akacheka hadi akakohoa, akapinga. Madam Mejebi akafungua kamusi mpya, akaweka kidole, na kidole kikabaki hapo. Akachora vema. Wazungu walikuwa wamelipata lile neno, sijui wapi, wakaliingiza mwaka uleule. Baba Siakpere akaanguka na kiti. Tobore akapata nafasi, akapata sare, akapata chumba na ufunguo wake, na siku anahama Mudiaga ndiye aliyembebea fremu ya shahada kichwani, akimwita bwana mkubwa njia nzima.

Nilikuwa nimefika hapo hapo, Jumamosi iliyopita, kwenye benchi la kibanda cha Akpevwe, nikiwasimulia wageni wawili madereva wa lori waliotoka mji wa Benin. Walikuwa wanacheka, samaki amesahaulika mkononi. Nikasikia mwiko umewekwa chini.

"Mzee," akaniambia Akpevwe. Nywele zake zimekuwa nyeupe sasa, lakini sauti ni ileile. "Hilo neno maana yake nini?"

"Ni mti," nikasema. "Mti wa visiwani."

"Visiwa gani?"

"Vya mbali."

"Kamusi hiyo mpya iko wapi? Mwanangu wa mwisho anayo ya shule hapo ndani. Nikuletee unioneshe?"

Mmoja wa wale madereva akaacha kutafuna. Nikasema labda toleo la shule limepunguzwa maneno.

"Maneno yako ndiyo ya kupunguzwa," akasema. Kisha akawageukia madereva, kwa sauti ya mtu anayetaja bei. "Ndugu yangu hakurudi kwenye mchujo. Hakurudi hata klabu. Mzee Siakpere alikaa na ile nafasi hadi alipokufa, wakamzika na sare. Tobore mnamwona pale ng'ambo, mwenye fulana ya kijani. Anaziba matairi na mume wangu."

Madereva waligeuka. Ng'ambo ya barabara mtu wa makamo alikuwa amechuchumaa juu ya beseni la maji, anazungusha mpira akitafuta vipovu.

"Kiingereza hazungumzi tena," Akpevwe akaendelea. "Mtu wa chuo kikuu. Mteja akimsemea Kiingereza anaonyesha kidole, hapa au hapa. Kanisani mchungaji akianza kuhubiri Kiingereza anatoka nje, anakaa na pikipiki. Juzi mwanangu kampelekea kazi ya shule, ajaziwe maneno yaliyokosekana. Akamwambia, mpelekee baba yako. Na baba yake, huyo mume wangu, aliishia darasa la nne. Nikamwambia, Tobore, hilo si neno rahisi tu? Akaniambia, dada, yote yalikuwa rahisi."

Lori likapita, vumbi likatulia juu ya sufuria, akalifunika.

"Hapa kwangu," akaniambia, "anayemsingizia ndugu yangu ushindi analipia benchi zima. Wewe sheria hiyo unaijua."

"Sikumsingizia ubaya, mama. Nilimpa mema."

"Mema yako hayamfikii. Yanaishia kwa wageni. Toa."

Nikatoa. Nikalipia sahani ya dereva wa kwanza, na ya wa pili aliyekuwa ameshaongeza samaki, na yangu mwenyewe niliyokuwa nikitegemea kuilipa kwa hadithi. Nilidhani tumemalizana, kumbe alikuwa anapakua sahani ya nne, ugali wa wanga umewekwa kando, mchuzi umejaa.

"Na hii ni yake. Imo kwenye hesabu yako. Mpelekee mwenyewe."

Nikavuka barabara na sahani mikononi. Mudiaga aliniona akageukia tairi lake. Hana tena utani na shemeji yake, aliuacha siku ileile ya mchujo. Tobore alifuta mikono kwenye suruali. Akaitazama sahani, akalitazama benchi la ng'ambo, akaelewa.

"Umelipia wewe?" akaniuliza kwa Kiurhobo, lugha yetu.

"Mimi."

"Wageni wa wapi leo?"

"Wa Benin."

Akaiweka sahani juu ya tairi, akaanza kunawa, vidole kimoja kimoja, maji yakatoka meusi. "Safari hii nimemshinda kwa pointi ngapi?"

Nikamwambia sikuwa nimefika kwenye pointi, dada yake alinikatiza.

"Afadhali," akasema, akamega ugali.